Januari 2028: Madarasa Mawili, Kidato Kimoja

SWALI: "Nilikaimu kwa muda, sasa nimethibitishwa kuwa Mkuu wa Idara ya Elimu Sekondari katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Januari 2028 nitapokea kidato cha kwanza waliomaliza la saba pamoja na waliomaliza la sita. Mwenzangu wa elimu msingi anasema hilo ni la sekondari. Madiwani wanasema Serikali italeta fedha. Walimu wananiambia, 'hata hili litapita.' Nianzie wapi, na wazazi niwaambie lini?" Mwalimu, Kanda ya Ziwa

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kuthibitishwa. Pole utapewa na wengine.

Kwa wasomaji ambao jambo hili limewapita: mtaala mpya wa Tanzania ulianza Januari 2024, na miongoni mwa madarasa yaliyoanza nao ni darasa la tatu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Aliyekuwa la tatu mwaka 2024 anamaliza la sita mwaka 2027. Aliyekuwa la nne mwaka huo alibaki kwenye mtaala wa zamani, naye anamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Wote wawili wanabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028.

Nianze na mwenzako wa msingi, maana kauli yake ikibaki ilivyo, mengine yote utakayoyafanya yatakuwa ya zimamoto. Mwulize swali moja: Januari 2028 darasa la saba litakuwa na nani? Hakuna. La saba wameondoka, la sita wameondoka, na wanaopanda kutoka la tano wanaishia la sita. Kila shule ya msingi katika halmashauri yenu itafungua mwaka ikiwa na darasa moja pungufu, pamoja na vyumba vyake na vipindi vya walimu waliokuwa wakilifundisha. Wakati huohuo shule zako zinapokea mara mbili. Kwa hiyo upungufu wenu wa vyumba ni mdogo kuliko unavyoonekana ukiutazama kutoka dirisha la idara moja. Baadhi ya vyumba vipo, ila viko vijijini, na viko kwenye hesabu za mtu mwingine.

Hapo ndipo ningekaza. Kabla jambo hili halijawa la ujenzi, ni la mgawanyo kati ya idara mbili zilizozoea kukutana kwenye kikao cha menejimenti na kuagana mlangoni. Kujenga utasubiri fedha. Kugawana mnaweza kuanza wiki hii.

Ila usiende kwake ukidai vyumba. Atakujibu kwamba darasa lake la pili lina watoto mia na ushee ndani ya chumba kilichokusudiwa watoto 45, na kwamba chumba cha la saba kikibaki wazi Jumatatu, Jumanne kitakuwa kimejaa. Naye atakuwa anasema kweli. Nenda na pendekezo la kata kwa kata. Ziko kata ambazo sekondari ilijengwa ubavuni mwa shule ya msingi enzi za MMES (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari), kwa kuwa eneo la Serikali lilikuwa hapo. Huko kuazimana vyumba kunawezekana bila mtoto kutembea hatua ya ziada. Ziko kata ambazo shule za msingi zimebanana kiasi kwamba chumba kinachoachwa ni haki ya hao wadogo, na huko usiguse kitu. Na ziko zile ambazo shule ya msingi iko kilomita saba kutoka sekondari. Chumba cha huko hakikusaidii hata ukipewa bure.

Kumbuka pia kwamba kundi hili linatembea. Mwaka 2028 liko kidato cha kwanza, 2029 cha pili, 2030 cha tatu, 2031 cha nne, kisha linatoka. Kuazima kwa miaka minne kuna mantiki. Lakini usiwape madiwani hoja kwamba kujenga ni kupoteza fedha. Elimu ikiwa ya lazima hadi kidato cha nne, wale mliozoea kuwapoteza njiani mtatakiwa kuwabakiza. Mimi ningepanga kujenga kwa ajili ya nusu ya ongezeko, na nusu nyingine niibebe kwa kuazima. Hiyo si kanuni ya mahali popote, ni maoni yangu.

Kuhusu madiwani wanaosubiri fedha, usiwacheke. Wamejifunza hivyo kwa kuona. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada, na Januari 2016 darasa la kwanza likafurika. Mtoto aliyeandikishwa siku zile alijulikana kabisa kwamba angefika kidato cha kwanza Januari 2023. Ilikuwa miaka saba ya taarifa. Vyumba 8,000 vya kumpokea vilijengwa miezi ya mwisho ya 2022 kwa Sh bilioni 160, milioni 20 kila kimoja, wakuu wa shule wakishinda saiti na baadhi wakilala hukohuko. Mwaka mmoja kabla ya hapo fedha za mpango wa UVIKO-19 zilijenga vyumba 15,000 kwa mtindo uleule wa mbio. Kazi ilifanyika na sifa zilistahili. Ila diwani aliyeshuhudia hayo mara mbili mfululizo amebaki na imani moja, kwamba fedha huja Oktoba.

Huenda zikaja tena. Kasoro ya fedha za Oktoba ni kwamba hupelekwa penye kiwanja tayari, barabara inayopitika na mkuu wa shule mwenye mbio. Penye uhitaji mkubwa ambao haujaandikwa popote, hazifiki. Kwa hiyo hata kama unaamini kwamba Serikali itawabeba, kazi yako ni kuhakikisha kila kata imeandikwa.

Namna ya kuandika ni karatasi moja kwa kila kata, si zaidi. Tuseme kata ina shule nne za msingi. La sita la mwaka huu wa 2026 wako 260, la tano 300. Ondoa 100 kwa kukadiria watakaofeli, watoro, na watakaokwenda shule binafsi. Wanabaki 460. Kwa wanafunzi 40 kila mkondo, hiyo ni mikondo 12 kwenye shule iliyozoea mitano. Kidato cha nne kinachoondoka kina wanafunzi 150 na kinaachia vyumba vinne. Pengo ni vyumba nane. Kwa bei ile ya 2022 hiyo ni Sh milioni 160, kata moja tu. Ongeza viti na meza 310, kwa sababu sekondari kila mtoto ana kiti chake na meza yake, si dawati la kubanana watatu. Ongeza vyoo: kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, unahitaji matundu kama kumi na tano mapya, na hayo hakuna mtu anayekuja kuyakatia utepe.

Namba za watoto zitoke PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, kisha zihakikiwe kwa rejista ya mahudhurio na kwa macho. PREM ina watoto waliohama na wazazi wao bila uhamisho kufuatwa. Angalia hasa waliokariri darasa. Mtoto aliyekuwa la nne mwaka 2024, asipofaulu upimaji wa kitaifa na kurudia 2025, alidondokea kwenye mtaala mpya. Huyo ni wa kundi la la sita sasa. Shule nyingine bado zinamhesabu huku na huku, na ukijumlisha kata kumi utakuta una watoto hewa wa kujaza mkondo mzima.

Karatasi ikishakamilika isainiwe na Afisa Elimu Kata, Mtendaji wa Kata na diwani mwenyewe, kisha wewe na mwenzako wa msingi muipeleke pamoja kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Mwende wawili na wasilisho moja. Diwani akiona kata yake ina pengo la vyumba nane na ya jirani ina mawili, na saini yake iko chini, mjadala hubadilika. Haongelei tena Serikali italeta nini. Anauliza kwa nini boma la kwake halijaezekwa.

Na maboma ndipo pa kuanzia kwa fedha zenu wenyewe. Kila halmashauri ina majengo yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi yakasimama kwenye lenta, mengine yameota miti ndani. Serikali iliwahi kutoa Sh milioni 12.5 kumalizia boma la darasa, dhidi ya milioni 20 za chumba kipya mwaka 2022. Kwa mapato ya ndani ya halmashauri ya vijijini, tofauti hiyo ni kubwa. Mpeleke mhandisi ayapitie kwanza, maana kuna boma ambalo kulimalizia ni kumjengea mtoto hatari.

Muda unabana kuliko watu wanavyodhani. Bajeti ya 2026/27 imeshapita. Ya 2027/28 itaanza Julai 2027, miezi sita tu kabla ya watoto kufika, na maandalizi yake huanza mwishoni mwa 2026. Karatasi zako ziwe mezani kwa Mkurugenzi na Afisa Mipango kabla ya hapo. Jambo dogo lakini limewaumiza wengi: manunuzi sasa ni kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma. Fundi wa kijijini asiyesajiliwa humo hapati kazi hata kama ndiye aliyejenga nusu ya shule, na mkuu wa shule anayejifunza mfumo wakati saiti inasubiri saruji atapoteza wiki nzima. Wafundisheni na kuwasajilisha sasa, wakati hakuna anayewakimbiza.

Sasa walimu. "Hata hili litapita" si ukaidi, Mwalimu. Ni kumbukumbu. Aliye kazini tangu miaka ya 2000 aliona fizikia na kemia zikiunganishwa kuwa somo moja, kisha zikatenganishwa. Aliona mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ukiingia mwaka 2013 kwa kishindo. Aliona matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yakitolewa kwa GPA (wastani wa alama), na ya 2015 yakirudi kwenye madaraja. Mtu wa namna hiyo hapingi mabadiliko. Anayapisha. Anahudhuria semina, anasaini posho, anarudi darasani kufundisha alivyofundisha jana, na uzoefu umemthibitishia mara kadhaa kwamba aliyekuwa na haraka ndiye aliyeonekana mjinga.

Hotuba haitambadilisha huyo, na nakushauri usiitoe. Mwonyeshe kitu kisichoweza kurudishwa, na kwa bahati mnacho: watoto wenyewe, wameketi darasani, wanahesabika. Mbandikie mkuu wa shule karatasi ya kata yake ukutani ofisini. Mwalimu wa hisabati akiona kwamba mwaka 2028 ana mikondo 12 na yeye yuko peke yake, hataambiwa na mtu kwamba jambo ni zito.

Hapo linakuja suala nyeti zaidi: kuhamisha walimu wa msingi kwenda sekondari. Shule za msingi zitakuwa na nafuu ya vipindi, na ndani yake wako walimu wengi waliojiendeleza wakapata stashahada na shahada huku wakifundisha darasa la tatu. Wengi wangefurahi kupanda. Lakini ukumbi wa walimu haujasahau mwaka 2017, pale walimu wa ziada wa masomo ya sanaa walipotolewa sekondari kupelekwa msingi. Safari hii mwelekeo ni wa kinyume, ila maswali ya mwalimu ni yaleyale. Je, nitalipwa uhamisho, au nitaongezwa kwenye orodha ya madai? Je, muundo wangu wa utumishi utabadilishwa au nitafundisha kidato cha pili kwa cheo cha msingi? Usimguse mtu yeyote kabla hujapata majibu ya maswali hayo kutoka kwa Afisa Utumishi na Tume ya Utumishi wa Walimu, kwa maandishi. Anza na wanaoomba wenyewe, wenye masomo mnayoyakosa, na wanaoweza kuhamia shule iliyo ndani ya kata ileile bila kuhama nyumba. Nafahamu halmashauri moja iliyohamisha walimu kwa barua za Ijumaa wakitakiwa kuripoti Jumatatu. Robo mwaka nzima iliyofuata ilikwenda kwenye rufaa.

Mafunzo ya mtaala wenyewe sitayaongelea sana. Mna MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) na jumuiya za ujifunzaji shuleni. Zikikutana kweli zinatosha, na zikikutana kwenye daftari tu, semina ya siku mbili haitaziba.

Kuhusu kuazima vyumba, majirani zetu wametangulia kwa njia yao. Kenya ilipoanzisha sekondari ya chini Januari 2023, iliamua dakika za mwisho kwamba darasa hilo jipya la saba likae ndani ya shule za msingi. Vyumba vilipatikana na watoto hawakutembea mbali, nayo ni faida kubwa. Mgogoro uliofuata ulikuwa wa mamlaka: walimu wa sekondari ya chini hawakutaka kuwa chini ya wakuu wa msingi. Kwa hiyo kabla mkondo mmoja wa kidato cha kwanza haujakaa kwenye chumba cha jirani, amueni kwa maandishi nani anawaruhusu watoto wagonjwa kwenda nyumbani, nani ana ufunguo wa choo, maji yanalipwa kwa ruzuku ya nani, na kengele ya nani inafuatwa. Yanaonekana ya kitoto. Ndiyo yatakayowagombanisha wakuu wawili wenye heshima zao. Na msifanye kimyakimya: usajili wa shule ni wa Kamishna wa Elimu, kwa hiyo mshirikisheni Mdhibiti Ubora wa Shule wa wilaya tangu siku ya kwanza, asije akalikuta jambo kwenye ukaguzi.

Hukuniuliza hili, lakini litakufikia: je, waliotoka la sita na waliotoka la saba wakae mikondo tofauti? Wakuu wengi wa shule watataka hivyo, na hoja yao si mbaya, kwa kuwa mmoja amesoma mwaka pungufu, ana umri mdogo, na ametoka kwenye mtaala mwingine. Mimi ningewachanganya. Mkondo wa la sita utapata jina la utani kabla ya mwezi kwisha, walimu wazuri watapangwa kwa wakubwa, na miaka minne baadaye matokeo yatathibitisha ubaguzi tuliouanza sisi wenyewe. Tofauti ya kweli itakuwa kwenye Kiingereza, lugha ya kufundishia watakayokutana nayo ghafla wote. Wiki za mwanzo za kozi ya Kiingereza ndizo za kuwapanga kwa uwezo, kwa vikundi vya kupita, kisha warudi kwenye mikondo ya mchanganyiko. Atakayehitaji msaada atajulikana hapo, na nakuhakikishia hatakuwa wa la sita peke yake.

Wazazi uwaambie sasa. Mkisubiri 2027, watapata habari kwenye kijiwe cha bodaboda ikiwa imeshageuzwa, kwamba la sita wanapelekwa "kujaribiwa" au kwamba nafasi zitatolewa kwa la saba kwanza. Mzazi mwenye hofu hutafuta njia. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipofuta mwaka wa mwisho wa sekondari na makundi mawili yakahitimu pamoja mwaka 2003, baadhi ya wanafunzi waliharakisha masomo na wengine walijichelewesha ili kuukwepa mwaka huo. Kwenu njia zitakuwa kukariri darasa kwa makusudi, kuhamisha mtoto kwenda kwa shangazi wilaya nyingine, na kwa msichana, wapo watakaosema mwaka huo shule zimejaa, abaki nyumbani kwanza. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha.

Anza na mikutano ya wazazi wa la tano, shule kwa shule, Afisa Elimu Kata akiwa ndiye msemaji na wewe ukiwa umekaa pembeni. Wa la sita wa sasa, watakaomaliza la saba, wanajua wanachosubiri; wa la tano ndio ambao mzazi bado anahesabu miaka miwili zaidi ya msingi, na amepanga fedha za sare na daftari kwa hesabu hiyo. Aambiwe mambo matatu: mtoto wako anamaliza 2027, nafasi yake kidato cha kwanza haishindanishwi na ya la saba, na shule itakayompokea ni hii hapa. Kama hilo la tatu bado hamlijui kwa kata fulani, mkutano wa kata hiyo usiitishwe mpaka mlijue. Na swali la michango likiulizwa, na litaulizwa, jibu liwe lilelile kwenye mikutano yote: mchango ni wa hiari, hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili yake, na anayetaka kusaidia akutane na kamati ya ujenzi, siyo na mwalimu wa darasa.